Mama Mkwe Kwenye Mizani ya Samaki

Homa Bay, wodi ya wanawake

Kwako Dada Mkamburi,

Barua hii isome ukiwa umekaa, tena peke yako, maana si ya kusomewa watu sebuleni. Mwili wangu hauna shida. Moyo ndio umechacha. Nawe u hali gani? Shemeji anaendeleaje na kifua chake? Mvua ya huko Mwatate imewajali mwaka huu, au imepita juu juu ikaenda kwa wengine? Na Akinyi wangu niliyekuachia, bado ananililia, au ameshanizoea kuwa mbali? Niandikie ukweli, hata kama ni huo wa pili.

Umeniuliza kama ni kweli niliitwa mbele ya wazee wa ukoo wa mume wangu kwa kosa la kumnyima mama mkwe chakula. Ni kweli, dada. Sijui habari ilipitia kwa nani hata ikakufikia kabla ya barua yangu. Mimi nilinyamaza kwa aibu, na aibu yenyewe haikuwa yangu. Sasa imebaki hasira tu, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka Odhiambo aliponitoa Mombasa akanileta kwao Karungu nimwangalie mama yake, yeye akabaki na kazi yake ya bandarini. Alisema ni kwa muda mfupi. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kwenye kisigino cha kushoto kidonda kilichokataa kupona. Tena alikuwa mnene, dada. Nasema mnene. Akikalia kigoda, kigoda hukioni. Huku wanamwita Nyar Kadem, yaani binti wa Kadem, kwa sababu alizaliwa upande wa Macalder, nami wakanibatiza Nyar Taita siku ile ile niliyoshusha mzigo. Nilimpenda. Nayasema haya kabla sijaanza kumlaumu. Alikuwa na kicheko cha kutawanya kuku, na Kijaluo changu cha kubabaisha kilimpa raha kuliko redio.

Tulimleta hapa Homa Bay kwa daktari, kijana mpole asiye na haraka. Alitueleza kwamba ugali, wali, mihogo, viazi, mkate na chapati ni ndugu wa tumbo moja, vyote vikishaliwa vinageuka sukari mwilini. Hakuvikataza. Alisema vipunguzwe: robo ya sahani iwe ugali, robo iwe samaki au maharagwe, na nusu nzima iliyobaki iwe mboga. Mafuta ya kukaangia nayo yapungue, maana kijiko kimoja cha mafuta kina kalori nyingi kushinda tonge nono la ugali. Akasema kalori ni kama kuni, mwili ukipewa nyingi kuliko zinazowaka unaziweka ghalani, na ghala lenyewe ndilo lile tumbo.

"Daktari," Mama akamwambia, "hii store yangu imejaa tangu nizae Ouma, na hakuna mtu amekuja kununua!"

Daktari alicheka naye. Kisha akanigeukia mimi akaacha kucheka. "Usimfungishe," akaniambia. "Akilala njaa leo, kesho atakula mara mbili, na akimeza dawa bila chakula ataanguka. Akonde polepole. Mkiona nguo zinalegea kidogo kidogo, mko kwenye njia."

Basi tukarudi nyumbani tukaanza. Ugali wa mahindi niliubadilisha na wa mtama, nikampimia ukubwa wa ngumi yake mwenyewe. Chai bila sukari. Samaki wa kuchemsha na nyanya na kitunguu. Mnavu, mgagani na mrenda, sahani inafurika. Katikati ya asubuhi na mlo wa mchana nilimpa uji mwepesi au ndizi moja ndogo, asiishiwe na nguvu. Wiki ya kwanza alininunia kama mtoto. Wiki zilizofuata akaanza kuuliza mwenyewe, "Nyathina, leo robo yangu ni gani?" Nyathina maana yake ni mwanangu. Jioni tulitembea hadi ufukweni na kurudi, yeye na fimbo yake, mimi na kigoda chake kichwani akichoka njiani.

Shida ilikuwa mizani. Zahanati ya karibu ilikuwa na moja, nayo ilikuwa mbovu. Ni yeye Nyar Kadem, dada, si mimi, ni yeye aliyesema, "Si pale kwa banda la mbuta kuna mizani?" Unajua mbuta, yale masamaki makubwa ambayo malori ya barafu huja kuyachukua na kutuachia sisi mgongo wazi, mifupa na kichwa. Wana mizani ya kuning'inia kwenye boriti, yenye uso kama wa saa. Tulifunga magunia mawili tukatengeneza kitu kama bembea, wavuvi wanne wakamnyanyua, na mshale ukakimbia hadi mwisho wa namba ukagota hapo. Ufuko mzima ulilipuka. Mnunuzi mmoja akapiga kelele kwamba huyo hauzwi, hakuna lori la kumtosha. Mama alicheka akiwa juu hadi gunia likaanza kuzunguka. Tangu hapo tulikuwa tunaenda kila mara malori yakishaondoka, na siku mshale uliposimama kabla ya mwisho wa namba, wavuvi walimpigia makofi. Hiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizoishi huku.

Kidonda kilifunga. Nakwambia kilifunga, nilikiona kwa macho yangu kikiwa kikavu na ngozi mpya juu. Macho yake yakaacha kuona ukungu. Akaanza kutembea hadi soko la Sori bila kupumzika njiani.

Na soko ndilo lililotumaliza.

Dada, huku siku hizi mtu akikonda hakuna anayeuliza anakula nini. Wanauliza amebakiza muda gani. Tumezika mno. Ule ugonjwa ambao watu hawautaji umemaliza vijana wa ufukweni na wake zao, na asiyeuwazia huo anawazia chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko, nayo wanasema inakausha mwili hadi mtu aishe. Kwa hiyo Nyar Kadem alipoingia sokoni na gauni linalopwaya, wanawake hawakuona kidonda kilichopona. Waliona mifupa ya shingo. "Nyar Kadem odhero," wakanong'ona, amekonda. Wengine walimshika mkono kwa muda mrefu kuliko salamu. Mmoja alimuuliza, akidhani anamfariji, ng'ombe zake ameachia nani.

Wakaanza kuja nyumbani kumtazama mgonjwa. Na huku mgonjwa hatazamwi mikono mitupu. Unadhani walibeba nini? Sukari! Kilo kwa kilo, mkate mweupe, na soda za rangi zote. Nilikuwa nafungua mlango huku tabasamu limenigandia usoni, napokea sumu kwa mikono miwili na kusema asante. Nikiziweka kabatini, wanasema nazificha nile mwenyewe. Nikizigawa kwa watoto wa jirani, wanasema namnyang'anya mgonjwa mdomoni. Na mimi ndiye niliyekuwa na mwili wa kushiba hapo nyumbani. Hesabu yao ikawa rahisi.

Akaja wifi yangu Atieno, dada yake Odhiambo, aliyeolewa huko Rodi Kopany. Alimwangalia mama yake, akapiga ukemi uliovuta watu wa maboma matatu. Nilipopakua chakula cha mchana akaisogelea sahani akaigeuza huku na huku.

"Hii ugali ni ya nani?" akauliza.

"Ya Mama."

"Ya Mama? Yawa! Hii ni ya kuku. Kwani hakuna unga hapa nyumbani?"

Nilimweleza daktari alivyosema. Nilimweleza robo na nusu, nilimweleza kidonda, nikamwinua Mama mguu aone kisigino. Hakukiangalia. "Wewe ni nyar mwa," akaniambia, yaani binti wa watu wa nje. "Hujui mama wa Kijaluo anakaa aje. Huyu alikuwa mtu mkubwa. Akipita watu wanajua kuna mtu amepita. Wewe umempunguza akuwe kama wewe."

Nilimwandikia Odhiambo. Jibu lake lilikuja fupi kama la mtu anayelipia neno: nivumilie, nisiwaudhi watu wa nyumbani, yeye atakuja akipata likizo. Alijua kila alichosema daktari, nilikuwa nimemwandikia hatua kwa hatua. Hakuandika mstari mmoja kwa dada yake wala kwa kaka yake kunitetea. Nimeolewa na mtu ambaye ushujaa wake wote unaishia kwenye kubeba magunia ya meli.

Ouma, kaka mkubwa, akaja kutoka Macalder anakochimba dhahabu, akaita wazee. Waliketi kwenye viti nje ya nyumba ya Mama, mimi nikapewa mkeka pembeni. Sikuwa na wasiwasi, dada, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilijua Mama atasimama, atawaonyesha kisigino, atawachekesha na hadithi ya mizani, na mambo yataisha.

Ouma akamuuliza, "Mama, sema tu ukweli. Huyu anakunyima chakula?"

Mama alitazama mikono yake. "Ananipimia," akasema.

"Na unashiba?"

"Sishibi."

"Na ni kweli walikutundika kwa mizani ya samaki, watu wakiangalia?"

"Ni kweli."

Basi. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na yote yalikuwa uongo. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema tangu azaliwe hajasikia mke wa mtu anapima mama mkwe kama mtu anayetafuta mnunuzi. Mwingine akasema kumpima mtu ni kumwitia kifo. Nilisimama nikawaambia ni yeye aliyetaka, ni yeye aliyecheka, waulizeni wavuvi. Wakaniambia niketi. Ikaamuliwa Atieno abaki pale na ashike jiko, na mimi nisiguse sufuria ya Mama hadi mume wangu aje.

Nilimwendea Mama baadaye akiwa peke yake. Hata kumwamkia sikumwamkia. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Nyathina, kule soko wameanza kunilia na bado niko hai. Wewe hujui vile hiyo kitu inakaa. Wacha nikule wanione." Nilikuwa na maneno mengi, nikayameza. Sasa najua nilipaswa kumwambia yote, hata kama angenichukia.

Atieno alipika, dada. Sitamnyima haki yake, mkono anao. Ugali kama kichuguu, chapati zinazong'aa mafuta, mbuta wa kukaangwa, chai ya maziwa ambayo kijiko kingesimama ndani kwa sukari. Mama alinenepa haraka kuliko alivyokonda. Wageni walewale walirudi kumpongeza. "Sasa umekuwa mtu," wakamwambia, na yeye akacheka kile kicheko chake, na mimi nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu nikichambua mboga zisizo na wa kula, nilitamani kumrushia ungo.

Hakuna aliyekumbuka kumtazama nyayo. Alikanyaga mwiba njiani kwenda kanisani, hakuusikia, maana sukari ilikuwa imeua hisia za nyayo zake. Mimi niliuona mguu siku alipovua viatu mbele yangu, umevimba na una harufu. Nikasema hospitali leo leo. Atieno akasema natafuta kisingizio cha kurudi jikoni, akampaka dawa ya majani akaufunga kitambaa. Nikamfuata Ouma kwa miguu hadi kwenye mashimo yao Macalder. Akaniambia, "Shemeji, mama anakula vizuri na anacheka. Mgonjwa anacheka?" Walipokubali kumleta hapa, vidole vilikuwa vimekuwa vyeusi.

Wameukata chini ya goti. Yule yule daktari mpole ndiye aliyetuita. Alinitambua. Aliniuliza, "Si mlikuwa mnaendelea vizuri?" Mbele ya Ouma, mbele ya Atieno. Niliwaangalia wote wawili. Atieno akaanza kulia, Ouma akaanza kutafuta kitu mfukoni. Nikamjibu daktari kwamba ndiyo, tulikuwa tunaendelea vizuri.

Unadhani uchungu umeishia hapo? Huku kiungo cha mtu hakitupwi, lazima kizikwe nyumbani kwake. Mguu ukafungwa kwenye shuka na katoni, Ouma akakodi pikapu. Lakini nani aubebe? Wanaume walirudi nyuma mmoja mmoja. Atieno alisema mikono yake inatetemeka. Kisha Ouma akanijia na sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nyar Taita," akasema, "wewe ni mtu wa nje. Chira za huku haziwezi kukushika."

Nikaubeba, dada. Kutoka Homa Bay hadi Karungu nilikaa nyuma ya pikapu na mguu wa mama mkwe mapajani, wao wakiwa mbele na dereva. Ule mguu niliokuwa nikiuosha kwa maji ya vuguvugu na kuukausha katikati ya vidole. Sikulia. Nilikuwa nimeshika katoni isirukeruke kwenye mashimo ya barabara, na nilikuwa nawatukana kwa Kitaita maana hakuna aliyekijua.

Walichimba nyuma ya nyumba. Watu walikuja kama kwa mazishi ya mtu mzima, mchungaji akaomba, mbuzi akachinjwa, Atieno akapika. Sikukaa kula. Nilirudi Homa Bay kwa sababu Mama alikuwa peke yake na manesi.

Alikuwa ameamka nilipofika. Aliniuliza kwanza, "Wamezika?" Nikamwambia wamezika. Kisha akauliza, "Watu walikula?"

"Walikula, Mama."

"Walishiba?"

Nikamwambia walishiba. Akafumba macho, akamshukuru Mungu. Nami nikatoka nje ya wodi, nikaenda kulia pale wanapoanika mashuka.

Jana Ouma alikuja. Alisimama miguuni pa kitanda, akajikuta analiangalia lile pengo chini ya shuka, akasogea upande wa kichwani. Akasema ukoo umeketi, wameonelea jiko la Mama lirudi kwangu. Hakusema samahani. Alisema "wameonelea," kama wanaonipa zawadi. Nilimuuliza mbona hawakuonelea hivyo wakati miguu ilikuwa miwili. Akaacha mkate na soda juu ya kabati akaenda zake. Ndiyo, dada. Mkate na soda.

Umeniandikia nifunge mzigo nirudi nyumbani, na kama ungeniona ungenivuta kwa mkono. Niliufunga kweli. Lakini daktari ameniambia kwa kituo kwamba mtu wa sukari aliyekatwa mguu mmoja, wa pili hauko mbali, isipokuwa awepo mtu wa kumlisha kwa akili na kumwangalia nyayo kila siku. Nikimwachia Atieno, najua. Kwa hiyo sirudi sasa. Si kwa sababu nimewasamehe. Mama mwenyewe sijamsamehe, na namlisha mboga kwa kijiko huku nimemkunjia uso, naye anakula yote bila kunitazama. Mguu uliobaki haukunikosea kitu. Huo ndio unaonikalisha hapa.

Odhiambo ameandika anakuja. Aje. Nimemwekea maneno yake.

Nisalimie shemeji, nisalimie kaka yetu wa dukani na mkewe, na shangazi yetu wa kanisani ambaye najua atakuuliza barua ina nini. Mwambie ina salamu. Mwambie Akinyi mama yake anakuja, na siku usimtajie, maana siijui. Na Mama yetu, usimsomee haya. Mwambie tu nipo, ninafanya kazi ya nyumbani, tunapendana na wakwe zangu. Nimepungua sana, dada, nguo ulizonishonea zinaanguka mabegani. Lakini akikuuliza kama nimenenepa, mwambie nimenenepa, afurahi.

Ni mimi mdogo wako,
Wakio